Zimwi Limepewa Meno na Nani?

Chemosit ana mguu mmoja, matako tisa, na mdomo mwekundu unaowaka usiku kama taa. Ni nusu mtu, nusu ndege. Hutembea akiegemea fimbo inayofanana na mkuki, na akitaka kula huimba gizani karibu na makazi ya watu. Watoto wakiuona mwanga na kuusikia wimbo hudhani kuna ngoma, hutoka, na hawarudi. Ndivyo Wanandi walivyomsimulia Alfred Claud Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, naye akayaweka hayo katika kitabu chake juu ya kabila hilo kilichotoka mwaka 1909.

Nandi na Kakamega ni majirani wa ukuta mmoja. Msitu wa Kakamega unapoishia upande wa mashariki, ukingo wa Nandi unaanza kupanda, na watu wa pande hizo mbili wameibiana ng'ombe, wameoana, na wamewatisha watoto wao kwa viumbe wa miti ile ile.

Chemosit alibuniwa mara ya pili, na safari hii si na Wanandi. Mwaka 1912 jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda lilichapisha maelezo ya Geoffrey Williams, Mzungu aliyedai kumwona mnyama wa ajabu katika uwanda wa Uasin Gishu miaka kadhaa kabla. Wajenzi wa reli ya Magadi nao wakaleta habari za nyayo zisizojulikana. Walowezi wakampa kiumbe huyo jina la dubu wa Nandi: mabega yaliyoinuka, mgongo unaoteremka, manyoya marefu, na tabia ya kupasua fuvu ili ale ubongo. Mwaka 1923 Charles Andrews wa jumba la makumbusho la Uingereza alipendekeza kwamba huenda ni mnyama wa kale aliyedhaniwa kutoweka zamani sana. Ngozi haikuletwa, wala mfupa.

Ukilinganisha viumbe hao wawili, utaona kilichopotea njiani. Dubu wa walowezi ana kucha na nguvu, basi. Dawa yake ni bunduki kubwa. Yule wa Hollis ana wimbo, na bunduki haina la kufanya na wimbo. Mzazi anayemsimulia mtoto habari za Chemosit hafundishi elimu ya wanyama. Anauliza kwa nini mtoto aitoke nyumba yake kwa sababu kaona mwanga na kusikia ngoma. Walowezi walichukua jina na hofu, wakaliacha swali.

Tuchukue sasa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, mjini Kakamega, ambaye Jumamosi ana wenzake wanne mezani, karatasi, penseli na dadu za pande nyingi. Mchezo wao ni wa kuigiza wahusika. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, na mwendesha mchezo anaushika ulimwengu wote uliobaki, maadui wakiwemo. Dungeons & Dragons, mchezo uliofungua mkondo huu, ulitungwa na Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson na kuanza kuuzwa mwaka 1974; kitabu chake cha mazimwi, Monster Manual, kilitoka 1977. Humo kuna majoka ya Ulaya na vioja vya Ugiriki ya kale. Mwanafunzi wetu anataka linani, zimwi la hadithi za Waluhya, na linani halimo. Itabidi alitunge mwenyewe: lina maisha kiasi gani, linapiga kwa nguvu gani, na lina uwezo gani wa pekee ambao kiumbe mwingine hana. Hapo kwenye uwezo wa pekee ndipo atakapojikuta katika swali ambalo masheikh na mapadri wamelipigania karne nyingi. Uovu unaweza kufanya nini, na kwa idhini ya nani?

Anayeanza kazi hii hukimbilia ukubwa. Zimwi linatema moto, linapotea machoni, halisikii mkuki, linaua kwa kutazama. Mezani zimwi kama hilo huchosha upesi, kwa sababu wachezaji hawana cha kufanya ila kusubiri kufa. Waliobobea huenda kinyume. Mmoja wa viumbe maarufu wa Gygax alizaliwa kutokana na kidude cha plastiki, mwanasesere wa bei rahisi kutoka Hong Kong asiyefanana na mnyama yeyote. Gygax alimpa uwezo mmoja tu: akigusa chuma, chuma kinaoza kwa kutu. Hana haja ya kumuua mtu. Anamnyang'anya shujaa upanga na ngao, vitu alivyovitumainia kuliko alivyojitumainia mwenyewe, kisha shujaa anabaki uchi wa roho mbele ya rafiki zake. Huo ni uwezo wenye mawazo ndani yake.

Toleo la 2014 la mchezo huo liliongeza jambo lingine la kufikirisha. Mazimwi makubwa kabisa yalipewa haki ya kukataa kushindwa: uchawi uliokwisha kulipata zimwi unatanguka kwa sababu limeamua hivyo. Lakini haki hiyo ina hesabu, kwa kawaida mara tatu kwa siku. Mara ya nne zimwi ni kama mimi na wewe.

Hesabu hiyo ndiyo teolojia yenyewe.

Tazama kitabu cha Ayubu, kinachosomwa kila Jumapili mahali fulani kati ya Mukumu na Malava. Shetani hafiki kwa Ayubu kwa nguvu zake. Anaomba ruhusa, anapewa mali na watoto wa mtu yule, na anakatazwa kugusa mwili wake. Anarudi, anapewa mwili, na anakatazwa kuugusa uhai. Mwandishi wa Ayubu ameandika uwezo wa adui na mpaka wa uwezo huo katika pumzi moja, mara mbili. Wengi husoma kisa kile wakauliza kwa nini Mungu aliruhusu, na ni haki yao kuuliza. Ila wachache husimama kwenye upande wa pili wa jambo: uovu wa Ayubu una kipimo, na kipimo hakikuwekwa na mwovu.

Mumias, ambako Uislamu ulishika mizizi tangu enzi za mfalme wake, Nabongo Mumia, watoto wa madrasa wanakijua kisa cha Sulaiman na majini. Ifriti anajitapa kwamba ataleta kiti cha enzi cha malkia wa Saba kabla Sulaiman hajainuka alipoketi. Uwezo mkubwa huo. Mtu mwenye elimu ya Kitabu anakileta kabla ya kupepesa jicho. Na katika sura ya Saba-i majini wale wale wanaendelea kufanya kazi ngumu mbele ya mfalme aliyekwisha kufa, hawajui, mpaka mdudu wa ardhini alipoitafuna fimbo aliyoiegemea na mwili ukaanguka. Wana nguvu za kujenga majumba na hawana habari ya jambo lililo mbele ya pua zao. Mtunzi wa mazimwi akitaka kujifunza kumpa kiumbe nguvu na udhaifu unaotoka mahali pamoja, hatapata darasa bora.

Wabukusu, upande wa kaskazini, walilieleza jambo hilo kwa njia yao. Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti Magharibi ya Kenya miaka ya 1930, aliandika kwamba walimtaja Wele (yaani Mungu) mweupe, aliye mwema, na Wele mweusi, aletaye maradhi na mauti, na kwamba katika maombi humwomba wa kwanza amfukuze wa pili. Hawako sawa kwa nguvu. Wele mweusi si mpinzani wa kutoshana naye. Ni wa kufukuzwa.

Kisha kuna kinyonga. Kwa masimulizi yaliyoandikwa na Wagner, mtu mmoja alikuwa anakula chakula cha jioni uani, kinyonga akaja kuomba. Akanyimwa, akaomba tena, akafukuzwa. Akamlaani yule mtu na watu wote kwamba watakufa, akaondoka. Akamkuta nyoka, nyoka akamgawia chakula, akambariki: akizeeka atajivua ngozi na kuendelea kuishi. Kwa hiyo mwanadamu hufa na nyoka hujivua gamba. Hadithi hii inaweza kugeuzwa karatasi ya mchezo bila kuongezwa neno. Kiumbe dhaifu kuliko wote ana uwezo mkubwa kuliko wote, na ufunguo wa uwezo huo ni sahani ya chakula. Mchezaji mkarimu hatajua hata siku moja kwamba aliponea chupuchupu.

Pwani nako hawakulala. Fumo Liongo wa masimulizi ya Waswahili hakuweza kuuliwa na silaha yoyote, isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Na siri hiyo ilitoka kwake mwenyewe, ikamfikia mtu wa damu yake aliyetumwa kumuua. Kinga kamili, tundu moja, na tundu lenyewe linapitia kwenye mapenzi. Ila kwa mwandishi wa mistari hii, bingwa wa wote ni Nunda mla watu, ambaye Edward Steere alimchapisha katika mkusanyiko wake wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870. Nunda anaanza akiwa paka wa sultani. Anakula ndama, watu wanalalamika, sultani anasema paka ni wake na ndama ni wake. Anakula mbuzi, jibu lile lile. Anaendelea kukua, na kila mara mwenye mamlaka ana udhuru, hadi paka anapowala watoto wa sultani mwenyewe. Ndipo sultani anapokubali kwamba huyu si paka tena.

Uwezo wa pekee wa Nunda basi hauko kwenye meno. Anakua kila anapotetewa. Hilo ni fumbo la uovu alilolihangaikia Augustino wa Hippo, Mwafrika wa kaskazini aliyezaliwa mwaka 354: uovu hauna kiini chake wenyewe, ni upungufu wa wema mahali ulipopaswa kuwepo. Augustino aliufikia uamuzi huo baada ya kuwafuata kwa miaka Wamanikea, waliofundisha kwamba giza ni nguvu kamili inayosimama ana kwa ana na nuru. Msimulizi wa Nunda aliufikisha ujumbe huo huo kwa paka na ndama, na watoto wakaucheka kabla ya kuuogopa.

Mtu atauliza: hivi Mungu naye aandikiwe karatasi? Kampuni iliyouza mchezo ule ilijaribu. Mwaka 1980 ilitoa Deities & Demigods, kitabu kilichowapa miungu ya mataifa mbalimbali hesabu za nguvu na za uhai kama mazimwi mengine. Matokeo yalikuwa yale yale yanayotarajiwa: kitu chenye hesabu ya uhai, wachezaji watatafuta namna ya kukimaliza. Hapa mwanafunzi wetu ana bahati ya malezi. Nyasaye, Mungu wa nyimbo za kanisani kwao, haingii kwenye safu ya hesabu, na kinachoingia kwenye safu hiyo, hata kikivaa taji, ni kiumbe. Al-Ghazali alilichambua jambo la jirani na hili zaidi ya miaka 900 iliyopita, alipohoji kwamba hata uweza wa Mungu haupimwi kwa mambo yanayojipinga yenyewe. Zimwi lenye kila uwezo ni moja ya mambo hayo. Likiwa na kila uwezo haliogopeshi tena, maana hakuna cha kufanya mbele yake, na mahali pasipo la kufanya hofu hugeuka usingizi.

Wako watakaosema mchezo wote huu ni mlango wa mapepo. Hoja hiyo isipuuzwe kwa kicheko. Magharibi ya Kenya dini inachukulia roho kwa uzito. Wakwekeri walifika Kaimosi mwaka 1902, na ndani ya miongo michache makanisa ya Roho yalichipuka kutoka humo humo, yakiwa na unabii, maono na kufukuza pepo. Mchungaji anayeonya kwamba mawazo hufinyanga tamaa anasema jambo ambalo wanafalsafa wa kale wa Ugiriki walilisema pia. Nchini Marekani miaka ya 1980 hofu hiyo ilizaa kampeni nzima dhidi ya mchezo huu, ikiongozwa na mama aliyefiwa na mwanawe. Kenya nayo ilikuwa na zamu yake: mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada ya shetani, chini ya Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, na ripoti yake ikatolewa hadharani mwaka 1999.

Tatizo la hofu ya namna ile ni kwamba adui wake hana karatasi. Hakuna kilichoandikwa kwamba hawezi. Akionekana ni ushahidi. Asipoonekana ni ushahidi kwamba ni mjanja. Mchezaji mezani akisema zimwi limefanya jambo lisiloliweza, wenzake watafungua kitabu na kumkatalia. Anayemshuku jirani yake kuwa mlozi hana kitabu cha kufunguliwa.

Na hapo ndipo mazimwi halisi yanapoua. Mapema mwaka 1995 Pemba, kisha Unguja, zilishikwa na hofu ya Popobawa, kiumbe aliyesemekana huwavamia watu vitandani usiku. Uwezo wake wa ajabu ulikuwa huu: aliyevamiwa lazima asimulie, la sivyo atarudiwa. Mtunzi wa michezo atamsifu aliyewaza hivyo, kwa sababu ni kiumbe anayesafiri kwa midomo ya watu. Familia zililala nje zikiwa zimekusanyika kuzunguka moto, katika mwaka uliokuwa na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi Zanzibar tangu mapinduzi. Na mtu mmoja kutoka bara, mgonjwa wa akili, aliuawa na umati uliodhani ndiye. Mwezi Mei 2008, Kisii, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto kwa tuhuma za uchawi. Hawakuwa na kucha, wala mdomo unaowaka, wala wimbo. Walikuwa na umri, na majirani.

Kwa hiyo mwanafunzi wa Kakamega anapotafuta uwezo wa kumpa linani lake, hazina iliyo karibu naye ina sehemu mbili, na zisichanganywe. Moja ni ya hadithi: amanani (ndiyo wingi wa linani) yanayojigeuza vijana watanashati na kuoa wasichana wenye maringo, mazimwi ya Wakikuyu yenye mdomo wa pili kisogoni uliofichwa kwa nywele, jitu linalomeza kijiji kizima na ng'ombe wake, kisha linapokaribia kufa linaomba likatwe kidole kidogo, na wote waliomezwa wanatoka wazima. Hizi zimekwisha kupimwa na vizazi vya wasikilizaji. Kila moja ina mlango wa kutokea. Zimwi la kidole ni zawadi kwa mwendesha mchezo yeyote, kwa sababu linawalazimisha wachezaji wasikilize maneno ya mwisho ya adui badala ya kukimbilia kugawana mali yake. Wenye mikono myepesi watalizika pamoja na kijiji.

Sehemu ya pili ni ya tuhuma. Jicho baya, ambalo Waluhya wengi huliita ebikhokho na kulihusisha hasa na wanawake wa koo fulani, hata wasiokusudia ubaya. Wakimbiaji wa usiku. Sumu za wivu zinazotajwa kwenye matanga kila kijana anapofariki ghafla. Mambo haya mezani yananoga, hilo halina ubishi. Yanatisha kwa sababu yana anwani. Lakini anwani ni ya mtu. Bibi mmoja Shinyalu au Butere anaishi ndani ya uwezo huo bila kuuomba, na hakuna aliyemwandikia kikomo. Kumgeuza awe kiumbe cha dadu ni kurudia tuhuma kwa sauti ya kuchekesha, na tuhuma hupenda sana sauti hiyo.

Wapo watakaoona huu ni woga wa kupita kiasi, kwamba mchezo ni mchezo. Wasome tena habari za 1995. Popobawa naye alienea kwa kusimuliwa.

Kilichobaki ni kazi ya mikono. Linani la Kakamega linaweza kurithi wimbo wa Chemosit: wachezaji wasikie ngoma ya isukuti ikipigwa katikati ya msitu wa Isecheno, saa ambayo hakuna anayepiga isukuti, na kila mmoja aamue kama atakwenda. Uwezo huo usimlazimishe mtu miguu. Umvute yule tu aliyewahi kusema mezani kwamba mhusika wake anatamani kuondoka kwao, na ukome kabisa mwenzake akimshika mkono na kumwita kwa jina la nyumbani. Kutoka kwa Nunda lichukue ukuaji, likiongezeka kimo kila mara mzee wa mtaa wa kubuni anapolitetea. Kutoka kwa majini wa Sulaiman lichukue ujinga mmoja mkubwa, lisijue kwamba anayelituma amekufa zamani. Na mwenye kulitunga, kabla ya kuandika nguvu hata moja, aandike kwanza kwa kalamu isiyofutika jinsi linavyoshindwa, awaonyeshe wachezaji wake ukurasa huo mchezo ukiisha, kisha awaulize ni nani kati yao aliyekuwa tayari kuufuata wimbo.